Tarumbeta Zinataka Ukumbi, Tumba Inataka Chumba

Hebu tafuta "Manteca" ya Dizzy Gillespie, ile iliyorekodiwa New York tarehe 30 Desemba 1947, uisikilize mara mbili. Mara ya kwanza sikiliza tu, furahia. Mara ya pili mfuate mtu mmoja: mpiga tumba. Jina lake ni Chano Pozo, Mcuba, na wazo la wimbo huu lilikuwa lake. Gillespie na mpangaji muziki Gil Fuller ndio waliolikamilisha. Mwanzoni yuko wazi kabisa, yeye na besi. Saksafoni zikiingia, kisha tromboni, kisha tarumbeta, jiulize: huyu mtu ameenda wapi?

Hajaenda kokote. Anapiga vilevile, pengine hata kwa nguvu zaidi. Aliyempoteza ni studio. Na kwa sababu mapigo yake ndiyo yaliyoutofautisha wimbo huu na jazi nyingine yoyote ya bendi kubwa ya wakati ule, hili si kosa dogo la kiufundi. Ni kama kupiga picha ya bibi harusi halafu akatokea bega tu.

Leo nataka tuzungumzie jazi ya bendi kubwa yenye mapigo ya Kicuba, na hasa jinsi ilivyorekodiwa. Hoja yangu ni hii: muziki huu ni mgumu sana kurekodi kwa sababu umeunganisha familia mbili za ala zenye mahitaji yanayopingana, na rekodi zilizo bora si zile zilizozitenganisha familia hizo kwa kuta, bali zile zilizojua kuwapanga watu ndani ya chumba kimoja. Nitaitetea kwa rekodi tano na fizikia kidogo. Usiogope, hakuna hesabu zaidi ya kugawanya.

Familia mbili, nyumba moja

Familia ya kwanza ni wapulizaji: tarumbeta 4 au 5, tromboni 3 au 4, saksafoni 5 hivi. Tarumbeta hutupa sauti zake kali mbele, kama mwanga wa tochi. Ukikaa mbele ya mdomo wake umbali wa mita 1, mpulizaji akikaza, unapita desibeli 100 bila shida. Kwa karibu hivyo sauti inachoma. Ndani ya chumba kidogo kilichofunikwa mazulia na magodoro, tarumbeta 4 hubaki kuwa watu 4 wanaokupigia kelele. Zipeleke kwenye ukumbi mkubwa, kuta na dari zikarudisha sauti kidogo kidogo, na zile 4 zinakuwa kitu kimoja kipana chenye kung'aa. Wapangaji wa muziki wa bendi kubwa waliandika wakijua kwamba hewa ya ukumbi itawamalizia kazi.

Familia ya pili ni ya mapigo: tumba, bongo, timbale, kengele, na vile vijiti viwili vinavyoitwa klave. Hapa mambo yanageuka. (Mambo pia ni jina la mtindo mmoja wa muziki huu, kwa hiyo ukilikuta neno hilo huko mbele ujue si salamu.) Pigo la tumba hubeba habari yake nyingi mwanzoni kabisa, ndani ya milisekunde chache. Hapo ndipo sikio linapotambua kama mpigaji ametumia kiganja, ncha za vidole, au amepiga kofi kali la pembeni. Ukiiweka tumba kwenye ukumbi wenye mwangwi mrefu, mkia wa pigo la kwanza unalifunika pigo la pili. Ndiyo maana imamu au padri anayehutubia kwenye jengo kubwa lenye mwangwi huongea polepole, maneno yasije yakapandana. Lakini mpiga tumba hawezi kupiga polepole. Wachezaji wanamsubiri.

Kwenye muziki huu ukimya nao ni sehemu ya pigo. Chukua klave ya kawaida ya mtindo wa son. Gawa mzunguko mmoja katika nafasi 16 zilizo sawa, kisha gonga nafasi ya 1, 4, 7, 11 na 13. Mapigo 5 tu. Jaribu sasa hivi kwa kalamu juu ya meza, nakusubiri. Umeona? Kinachokuvuta ni yale mapengo yasiyolingana. Besi nayo ina tabia yake: mara nyingi huliruka pigo la kwanza, ikaingia mapema au ikachelewa, ukabaki unaning'inia. Mwangwi ukiyajaza mapengo hayo, muziki unageuka uji.

Kwa hiyo tarumbeta zinataka ukumbi, tumba inataka chumba. Na bendi ni moja.

Kwa nini tumba ilizama na klave haikuzama

Turudi kwa Pozo. Sauti mbili zikisikika pamoja na moja ikawa kubwa zaidi, sikio halizijumlishi kama shilingi mbili mfukoni. Kubwa huifunika ndogo, hasa zikiwa jirani kwa ukali wa sauti. Pigo la wazi la tumba huzunguka kwenye mitetemo 200 hivi kwa sekunde. Jirani zake hapo ni nani? Besi, tromboni, saksafoni nene, mkono wa kushoto wa piano. Mtaa umejaa.

Klave, kinyume chake, ni vijiti viwili vya mbao visivyo na nguvu yoyote ya kutisha, lakini hutetemeka kati ya mara 2,000 na 3,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu ni jepesi mno kusikia eneo hilo. Ndiyo maana vijiti viwili vinaweza kupenya bendi ya watu 15, lakini ngoma kubwa ya ngozi ikazama.

Sasa ongeza mazingira ya mwaka 1947. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ya inchi 10, ilibeba takribani dakika 3 kwa upande. Hakukuwa na njia ya kumrekodi mpiga tumba peke yake halafu kumpandisha sauti baadaye. Uwiano uliamuliwa papo hapo, kwa kuamua nani akae wapi. Juu ya hayo, chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa kimeshatangaza mgomo wa kurekodi kuanzia tarehe 1 Januari 1948, kwa hiyo makampuni yalikuwa yanakimbizana na kalenda. Siku 2 zilibaki. Waliofika studio walijua sana kurekodi bendi kubwa ya jazi: wapulizaji ndio wenye nyumba, mapigo hukaa nyuma. Tumba ikapewa kiti cha drams.

Kwa hiyo ukisikiliza "Manteca" unasikia mambo mawili kwa pamoja: muziki mpya kabisa, na desturi ya zamani ya kupanga viti. Pozo hakupata nafasi ndefu ya kuisahihisha. Aliuawa Harlem Desemba 1948.

Mita moja ni muda

Kabla hatujaendelea, fizikia moja zaidi, kwa sababu hukumu yangu ya rekodi zinazofuata inaisimamia.

Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde. Maana yake kila mita 1 inagharimu milisekunde 3 hivi. Ni ndogo, si ndiyo? Sasa chukua wimbo unaokwenda mapigo 200 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu kwa mambo. Pigo moja lina milisekunde 300, na robo yake ni 75. Mpiga timbale akiwa mita 10 kutoka kwa wapuliza tarumbeta, sauti yake inawafikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 29. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya ile robo. Wakimfuata kwa masikio, wamechelewa tayari.

Chris Chafe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya majaribio mazuri juu ya jambo hili: watu wawili wanapiga makofi kwa pamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake kwa kuchelewa kunakopangwa na watafiti. Kuchelewa kukizidi, wanapunguza mwendo bila kujijua. Hilo unaweza kulitabiri. La kushangaza ni upande wa pili: kuchelewa kukiwa kudogo sana, wanaongeza mwendo. Mwendo unatulia katikati, kwenye milisekunde 10 hadi 20 hivi.

Geuza namba hizo kuwa umbali. Unapata kama mita 3 na nusu hadi 7. Huo ndio ukubwa wa jukwaa la bendi! Tafsiri hii ni yangu, Chafe hakuwa anapima mambo, lakini nadhani inaeleza kitu ambacho wanamuziki wa dansi walikijua kwa miguu yao: kuna umbali ambao bendi inakaa vizuri, si kubanana, si kutawanyika.

Fundi mitambo ana tatizo lake pia. Sauti ya tarumbeta haiingii kwenye maikrofoni yake tu, inavuja mpaka kwenye ile ya tumba. Ikifika pale imechelewa. Ukizichanganya nakala hizo mbili, kwenye baadhi ya masafa zinafutana. Tofauti ya mita 1 huanza kufuta kwenye mitetemo 170 hivi kwa sekunde, kisha kwenye 510, kisha 860, na kuendelea, kama meno ya chanuo. Tarumbeta inaanza kusikika kama imepulizwa ndani ya bomba la maji.

Mafundi wa zamani walikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ni kanuni ya umbali: maikrofoni mbili ziachane angalau mara 3 ya umbali ulio kati ya kila maikrofoni na ala yake, ili kinachovuja kishuke karibu desibeli 10. Ya pili ni maikrofoni ya utepe, kama ile RCA 44 ya miaka ya 1930, inayosikia mbele na nyuma lakini ubavuni ni kama kiziwi. Ukiugeuza ubavu huo kwa jirani mwenye kelele, umempunguza bila kujenga ukuta. Ona kwamba dawa zote mbili ni za kupanga, si za kutenga.

New York, mwishoni mwa 1957

Miaka 10 baada ya "Manteca", albamu mbili zilirekodiwa katika jiji lilelile ndani ya majuma yaleyale. Moja ni "Kenya" ya Machito. Nyingine ni "Dance Mania" ya Tito Puente. Huwezi kupata ulinganisho mzuri kuliko huu.

Jina la kwanza limekushtua, najua. Hapana, hakuna benga humo wala chakacha. Mwaka 1957 Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari ya Waingereza, na Ghana ilikuwa imetoka kupata uhuru. Jina la Afrika lilikuwa hewani. Muziki wenyewe ni wa Cuba na Harlem: bendi ya Machito, iliyoongozwa kimuziki na shemeji yake Mario Bauzá, na mpangaji A. K. Salim akiwa ameandika sehemu kubwa, huku Cannonball Adderley akipuliza saksafoni kama mgeni. Undugu wa kweli na huku kwetu umepita njia nyingine, ya miaka ya nyuma: santuri za Kicuba za mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV, zilizouzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930 na kusikika mpaka Kongo na pwani yetu. Salum Abdallah wa Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa bahati mbaya.

Kimuziki, "Kenya" ndiyo albamu nzito zaidi kati ya hizi mbili. Sikiliza "Congo Mulence". Wapulizaji hawakupambwa kwa tumba kama mboga inavyonyunyiziwa binzari. Sentensi zao zimeandikwa kwa kuifuata klave, zinavuta pumzi pale klave inaponyamaza. Na tumba sasa zinasikika. Miaka 10 imefanya kazi, kuna kanda ya sumaku, kuna maikrofoni bora, na kuna mafundi waliokwisha kuusikia muziki huu.

Lakini kurekodiwa kwake kuna ubanifu. Chumba kinasikika kikavu, tarumbeta ziko usoni, na bendi nzima ikikaza pamoja inakuwa kama watu wengi kwenye daladala: kila mtu yupo, hakuna mwenye nafasi. Mapigo yamepata chumba chao. Wapulizaji wamekosa ukumbi wao. Ukisikiliza albamu nzima kwa mkupuo, masikio yanachoka kabla ya moyo.

"Dance Mania" imetoka mahali pengine kabisa. RCA waliirekodi Webster Hall, ukumbi wa dansi uliojengwa mwaka 1886 ambao kampuni hiyo ilikuwa ikiutumia kama studio katika miaka ya 1950. Yaani muziki wa ukumbi wa dansi ukarekodiwa ndani ya ukumbi wa dansi. Na Puente, ambaye baada ya kutoka jeshini alisoma Juilliard, alikuwa ameshazoea jambo moja ambalo kwa mafundi ni muhimu kuliko cheti chochote: aliitoa timbale nyuma ya bendi akaileta mbele kabisa. Sababu yake ilikuwa jukwaa, watu waone na bendi iongozwe kwa mikono yake. Ila tazama kinachotokea kifizikia. Mpiga mapigo aliye mbele anakuwa karibu na maikrofoni, na umbali ukipungua nusu, sauti yake ya moja kwa moja inapanda desibeli 6, wakati mwangwi wa ukumbi unabaki palepale. Kwa hiyo unampata mkavu ndani ya jengo lenye mwangwi! Wapulizaji walio nyuma wanapata ukumbi wao, mapigo yaliyo mbele yanapata chumba chao. Jengo moja, mahitaji mawili, yamemalizwa kwa kuhamisha viti.

Weka hedifoni usikilize "El Cayuco", wimbo wa kwanza wa albamu. Timbale na kengele ziko karibu kiasi kwamba unahisi kijiti. Tarumbeta ziko hatua kadhaa nyuma yake, na nyuma ya tarumbeta kuna hewa. Sauti ya Santos Colón imekaa katikati bila kusukumana na mtu. Na ule mvujo wa sauti kutoka maikrofoni moja hadi nyingine upo, haukuondolewa. Ndio unaokuambia kwamba hawa watu walikuwa wamekaa pamoja, na kwa umbali gani. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka albamu hii kwenye orodha ya kitaifa ya rekodi za kuhifadhiwa. Wengi wataisifu kwa ajili ya Puente, na ni haki. Mimi naongeza kura kwa chumba.

Nusu karne baadaye

Sasa tufanye kama wanasayansi: tushike kitu kimoja kisibadilike, tubadilishe kingine. Chico O'Farrill, mpangaji kutoka Cuba, aliandika "Afro-Cuban Jazz Suite", kazi ya dakika 17 hivi, ikarekodiwa New York Desemba 1950 na bendi ya Machito pamoja na Charlie Parker na Flip Phillips kwenye saksafoni na Buddy Rich kwenye drams. Mwaka 2000, akiwa mzee sana, O'Farrill aliiongoza tena kwenye filamu ya "Calle 54" ya Mhispania Fernando Trueba, ndani ya studio za Sony jijini New York. Mwandishi yuleyule, muziki uleule, jiji lilelile. Kilichobadilika ni wapigaji na, kwa leo, namna ya kurekodi: sauti ya mkondo mmoja mwaka 1950, na njia nyingi za kila ala mwaka 2000.

Toleo la filamu ni zuri kulitazama, na nitakuwa mkweli, baadhi ya mambo linayashinda ya zamani. Vidole vya mpiga tumba unavihesabu. Hakuna anayezama. Kama Pozo angeishi kusikia usawa huu, nadhani angecheka kwa furaha.

Lakini sikiliza pale wapulizaji wote wanapoingia kwa nguvu. Kwenye ukumbi halisi, jengo lote lingetikisika: mwangwi ungepanda, tumba ingerudi nyuma kidogo halafu ikachomoza tena. Hapa tumba haisogei hata nukta moja. Tarumbeta zinaongezeka lakini hazikui. Kila ala imepewa dirisha lake na haitoki humo. Rekodi ya 1950 ina vumbi, ina ukungu, drams za Rich wakati mwingine zinameza kila kitu, lakini bendi inapotoka kwenye canción ya mwanzo kwenda kwenye mambo, unasikia chumba kinabadilika hali ya hewa. Ile ya 2000 inanipa habari zote kuhusu wapigaji. Ya 1950 inanipa habari kuhusu walichokuwa wanafanyiana.

Msinielewe vibaya

Kuna anayesoma hapa akisema: huyu ni mpenzi wa vitu vya kale tu. Hapana. Kutenga ala kuna sababu nzito. Mpulizaji mmoja akikosea, hulazimishi watu 15 kurudia. Mwimbaji mwenye mafua anarudi kesho. Na zaidi ya yote, mfumo wa zamani haukuwa wa haki kwa asili yake: chumba kimoja na viti vibaya ndivyo vilivyomzamisha Pozo. Teknolojia ya njia nyingi ilimpa mpiga tumba kitu ambacho desturi ilimnyima. Hilo silichukulii kirahisi, kwa sababu swali la nani asikike kwenye rekodi halijawahi kuwa la fizikia peke yake. Aliyepanga viti mwaka 1947 alikuwa anaamua, bila hata kufikiri, nani ni mwenye nyumba na nani ni mgeni.

Ninachopinga ni kudhani kwamba usafi na usawa ni kitu kimoja. Ukimfungia kila mtu kwenye kibanda chake, akisikia wenzake kwa hedifoni pamoja na mlio wa kuhesabia mwendo, umemwokoa asizamishwe. Pia umemnyima zile milisekunde 10 hadi 20 za hewa zinazomtuliza, na umemnyima nafasi ya kupunguza au kuongeza nguvu kwa kumsikia jirani. Kazi hiyo sasa inafanywa na mtu mmoja, baadaye, kwa kusogeza vitufe. Puente alitatua tatizo lilelile kwa kubeba timbale hatua kadhaa mbele.

Na wewe unayerekodi nyumbani kwa kompyuta na maikrofoni mbili, hili linakuhusu moja kwa moja. Una mpiga ngoma na wapulizaji wawili? Usianze kwa kuwarekodi siku tatu tofauti. Tafuta chumba kikubwa unachoweza kupata, darasa tupu jioni linatosha. Ngoma mbele, karibu na maikrofoni. Wapulizaji mita 3 au 4 nyuma, wakitazamana na mpiga ngoma. Rekodi dakika 1, sikiliza, hamisha viti, rekodi tena. Ukifika jaribio la tano utaanza kusikia kitu ambacho hakuna programu inayokiuza.

Halafu rudi kwenye "Manteca" mara ya tatu. Pale tumba inapozama, usilaumu masikio yako wala mikono ya Pozo. Jiulize ungemweka wapi.